Si Kila Doa Kwenye Ubongo Linataka Kichwa Kipasuliwe

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili mwenye kujua kusoma awasomee wenzake kwenye mkutano wa kikundi.)

Leo nimeombwa niseme juu ya matibabu ya madoa madogo ndani ya ubongo. Najua mtu akisikia "ubongo" na "upasuaji" yakitajwa pamoja, moyo unaruka. Huku kwetu habari hiyo huleta mambo mawili. Familia moja itamchukua mgonjwa wake na kumrudisha nyumbani, ikisema ni heri afe akiwa mzima kuliko afunguliwe kichwa. Familia nyingine itauza ng'ombe, na kipande cha shamba kifuate, kabla hata ya kumuuliza daktari ameona nini na anataka kufanya nini. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Hatujaambiwa kwamba doa dogo ndani ya ubongo lina njia nyingi za kutibiwa, na kwamba nyingine hazina kisu kabisa.

Kwa hiyo twende pole pole. Asiyeelewa ainue mkono.

DOA NI KITU GANI?

Zamani daktari alikuwa anakisia tu yaliyo ndani ya kichwa. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alilazwa ndani ya mashine ya skani ya CT. Aliyeibuni, Godfrey Hounsfield, hakuwa hata daktari. Alikuwa mhandisi. Mashine hiyo hupiga picha za kichwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa slesi, na fuvu halifunguliwi. Baadaye ikaja MRI, ambayo huonyesha vitu vidogo zaidi. Siku hizi skani ya CT ipo katika hospitali kadhaa za kaunti, si Nairobi peke yake.

Sasa picha imetoka na daktari anasema, "Kuna doa." Tafadhali shikeni neno hili: doa ni alama tu, si jina la ugonjwa. Ni kama kuona moshi nyuma ya kilima. Huenda ni mama anapika, huenda ni nyumba inaungua. Doa linaweza kuwa kifuko cha mnyoo wa tegu. Linaweza kuwa TB, jipu la usaha, kovu la zamani, mishipa ya damu iliyosokotana vibaya, uvimbe usio wa saratani, au saratani yenyewe. Kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI laweza kuwa ugonjwa mwingine wa ubongo ambao hutibiwa kwa vidonge.

Kila moja lina matibabu yake. Kwa hiyo swali la kwanza si "Pesa za upasuaji tutatoa wapi?" Swali la kwanza ni "Doa hilo ni la nini?"

KWA NINI TUMTAJE TEGU

Namtaja tegu kwa sababu vikundi vingi hapa vimelipia watoto karo kwa pesa za nguruwe. Sisemi muache kufuga. Nasema tumjue adui. Watafiti wamepata ugonjwa huu katika nguruwe wa Busia na wa Homa Bay, kwa hiyo si habari ya mbali.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko, ikiwa haikuiva, anapata tegu tumboni. Tegu huyo hakai kichwani. Anakaa kwenye utumbo na kutoa mayai, nayo yanatoka na choo kikubwa. Mtu akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura anakula kile choo, na vifuko vinaota katika nyama yake. Lakini mayai yale yale yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mikono isiyooshwa, kwa maji ya mto au kwa sukumawiki isiyooshwa vizuri, vifuko vinaota katika mwili wa binadamu. Vingine vinapanda hadi kwenye ubongo.

Mmeona hapo? Vifuko vya kichwani havitoki moja kwa moja kwenye nyama. Vinatoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika juu ya Wayahudi wa New York, watu ambao dini yao inawakataza nguruwe kabisa, na bado walipatikana na vifuko hivi kwenye ubongo. Basi jirani asiyekula nguruwe asijione yuko salama ikiwa kijiji hakina vyoo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, kiasi cha watu 30 katika kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa sababu ya tegu huyu. Si mapepo, si laana ya ukoo. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka, akianza kuanguka kifafa, apelekwe akapigwe picha ya kichwa.

NJIA YA KWANZA: DAWA BILA KISU

Vifuko vingi vya tegu kwenye ubongo havihitaji upasuaji. Daktari anaangalia kama kifuko ki hai au kimekufa. Kikiwa hai, anatoa dawa ya albendazole, kwa kawaida siku 10 hadi 14 kama ni kifuko kimoja au viwili, pamoja na steroidi ya kuzuia ubongo usivimbe, na dawa ya kifafa. Kikiwa kimekufa na kugeuka kama punje ya chokaa, dawa ya minyoo haina kazi tena. Mgonjwa anabaki na dawa ya kifafa tu.

Hapa nataka mnisikilize sana. Mtu atasema, "Kumbe ni albendazole! Hiyo si ipo dukani?" Ndiyo, ipo. Lakini kifuko kikifa ndani ya ubongo, ubongo unavimba mahali pale. Mtu anaweza kuanguka kifafa kikali, au kichwa kikajaa shinikizo na akapoteza fahamu. Kwa hiyo mwenye kifafa asijitibu kichwa kwa dawa ya minyoo ya kununua. Picha kwanza, daktari kwanza.

TB ya ubongo nayo hutibiwa kwa dawa za TB, kwa kawaida miezi 12, na dawa hizo katika hospitali za serikali hazilipiwi. Jipu dogo la usaha laweza kuisha kwa dawa za sindano kwa wiki kadhaa. Na yapo madoa ambayo daktari mzuri atasema, "Hili tuliangalie tu. Rudi baada ya miezi kadhaa tupige picha nyingine." Huyo hajamtupa mgonjwa. Kungoja kwa tarehe maalum ni matibabu pia, mradi mrudi.

NJIA YA PILI: SINDANO KUPITIA TUNDU DOGO

Lakini mara nyingine picha haitoshi. Daktari haelewi kama ni TB au ni saratani, na dawa ya moja haitibu nyingine. Hapo anahitaji kipande kidogo cha nyama ya pale penye doa kikapimwe. Au ni jipu ambalo limekuwa kubwa, na usaha lazima utoke.

Zamani ilikuwa ni kufungua dirisha kwenye fuvu na kutafuta. Sasa kuna njia ya vipimo. Nitawapa mfano. Umefukia kopo la pesa shambani. Ukimwambia mtoto "liko karibu na mwembe," atachimba shamba zima. Ukimwambia "hatua sita kutoka mwembe, hatua nne kutoka ua, chimba futi moja," atachimba shimo moja tu na kulipata. Vipimo vitatu vinatosha kupata kitu chochote kilichofichika.

Ndivyo wanavyofanya. Mgonjwa anafungwa fremu ya chuma kichwani, anapigwa picha akiwa nayo, kisha hesabu inafanywa: doa liko umbali gani kutoka upande, kutoka mbele, na kwenda chini. Mwaka 1947, mjini Philadelphia, Ernest Spiegel na Henry Wycis walitumia njia hii kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1949 Lars Leksell wa Sweden akatengeneza fremu yake ambayo ilienea sana. Siku hizi pia kuna kompyuta zinazomwongoza daktari bila fremu.

Daktari anatoboa tundu dogo kuliko sarafu ya shilingi, anapitisha sindano nyembamba hadi mahali palipohesabiwa, anachukua kipande au ananyonya usaha, basi. Mara nyingi mgonjwa hahitaji usingizi mzito. Anachomwa ganzi ya ngozi na dawa ya kumtuliza. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi na utando unaoufunika.

NJIA YA TATU: BOMBA LENYE KAMERA

Ndani ya ubongo kuna vyumba vya maji. Maji hayo yanatengenezwa kila siku na lazima yapate njia ya kutoka. Kifuko cha tegu kikikaa ndani ya chumba, kinaweza kuziba njia kama jani linavyoziba bomba la tangi. Maji yanajaa, kichwa kinauma vibaya, mtu anatapika, macho yanaingia ukungu. Hii ni hatari ya siku hiyo hiyo. Hapa mtu asingoje Jumatatu.

Kwa vifuko vya namna hii madaktari hupitisha bomba jembamba lenye taa na kamera, lisilozidi unene wa penseli, kupitia tundu dogo kwenye fuvu. Wanatazama kwenye televisheni, wanakishika kifuko na kukitoa. Inapowezekana, ndiyo njia inayopendekezwa kuliko kufungua kichwa.

Tuna ushahidi karibu na nyumbani kwamba bomba hili si la nchi tajiri tu. Kule Mbale, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, katika hospitali ya CURE, daktari Benjamin Warf kutoka Marekani alianza tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kutibu kwa bomba hili watoto wenye kichwa maji. Kabla ya hapo mtoto aliwekewa mpira mwembamba wa kupeleka maji tumboni, akabaki nao. Mpira huo huziba. Ukiziba, mtoto anahitaji hospitali haraka, na mama wa kijijini hana gari wala barabara. Warf alitoboa njia mpya ya maji kwa bomba la kamera, akaunguza sehemu zinazotengeneza maji, na mtoto akaenda nyumbani bila mpira.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya majaribio juu ya watoto wachanga 100 kule Mbale, wengine wakiwekewa mpira na wengine wakitibiwa kwa bomba. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti kubwa ya akili na maendeleo kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo njia isiyoacha mpira mwilini ilistahili kupewa nafasi kwetu, mahali ambapo hospitali ziko mbali.

Uvimbe mdogo wa tezi iliyo chini ya ubongo nao siku hizi hutolewa kwa bomba la namna hii kupitia tundu la pua. Ndiyo, mama, pua. Fuvu la juu haliguswi, na nywele hazinyolewi.

NJIA YA NNE: MIONZI ISIYOTOBOA

Leksell yule yule wa Sweden alijiuliza: kwa nini nitoboe kabisa? Mwaka 1968 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine yake iitwayo Gamma Knife. Jina lina neno "kisu," lakini kisu hakuna. Ni miale karibu 200, kila mmoja dhaifu, yote ikikutana mahali pamoja. Ni kama vijana wengi wakisukuma gari lililokwama. Mmoja mmoja hasogezi kitu, wakisukuma pamoja mahali pamoja gari linatoka. Pale miale inapokutana doa linaungua. Pembeni ubongo unabaki karibu salama.

Ndugu yake ni mashine ya CyberKnife, ambayo ina mkono unaozunguka mgonjwa. Kenya tunayo, katika hospitali ya rufaa ya Kenyatta University, kaunti ya Kiambu.

Lakini msidanganyike. Mionzi hii ni kwa madoa madogo ya aina fulani, kama saratani iliyohamia kwenye ubongo, uvimbe mdogo wa neva ya sikio, au mishipa iliyosokotana. Si ya kutibu vifuko vya tegu wala TB. Tena kazi yake ni ya pole pole, miezi hata miaka. Aliyezidiwa leo na shinikizo la kichwa haisaidii.

TUNDU DOGO SI MZAHA

Nisije nikawaacha mkidhani haya ni kama kung'oa jino. Sindano inaweza kugusa mshipa wa damu. Uchafu unaweza kuingia. Kipande kilichochukuliwa huenda kisitoe jibu, ikabidi kurudia. Bomba linaweza kushindwa kufikia kifuko kilichogandamana na ubongo. Na uvimbe mkubwa unaokandamiza ubongo bado mara nyingi unataka kichwa kifunguliwe, na watu wengi wamefunguliwa wakapona. Daktari akisema ni lazima, basi ulizeni sababu, msikimbie.

MASWALI YA KUPELEKA KWA DAKTARI

Mwandishi wa kikundi ayaandike haya kwenye daftari. Mgonjwa aende na mtu mmoja wa kumsaidia kusikiliza, kwa sababu mwenye hofu hasikii vizuri.

1. Hilo doa mnadhani ni la nini, na mna hakika kiasi gani?
2. Kuna dawa za kujaribu kwanza?
3. Tukingoja na kupiga picha tena, kuna hatari gani?
4. Kama ni upasuaji, unaweza kufanywa kwa tundu dogo? Kama hauwezi, ni kwa nini?
5. Unafanyika hapa au ni rufaa? Bei yake ni ngapi, na bima italipa ngapi?
6. Baada ya hapo dawa ya kifafa itaendelea kwa muda gani?

Kuuliza si dharau. Daktari mwenye kujua kazi yake hachukii maswali.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa mtasema, "Sisi tutafanya nini, hatuna mashine." Mnayo mengi ya kufanya.

Kwanza, andikeni. Kila mwenye kifafa awe na daftari: tarehe, saa, ameanguka dakika ngapi, na kutetemeka kumeanzia wapi. Mkono wa kulia ukianza, daktari ataanza kutazama upande wa kushoto wa ubongo. Daftari la shilingi chache linaweza kumwonyesha daktari mahali pa kutafuta.

Pili, jueni kumsaidia aliyeanguka. Mwondoeni karibu na moto na maji, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kidole kinywani. Akipita dakika tano hajatulia, ni hospitali. Na asiache dawa ya kifafa ghafla kwa sababu amejisikia vizuri. Kifafa kinaweza kurudi kikiwa kikali zaidi.

Tatu, bima. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kujiandikisha peke yake hakutoshi kwa matibabu ya kulazwa. Michango nayo iwe imelipwa. Kikundi kinaweza kuweka akiba ya kila wiki kwa ajili ya mchango huo. Ni rahisi kuliko harambee ya haraka mgonjwa akiwa ameshazidiwa. Na weka kando nauli. Wagonjwa wengi hukosa kurudi kupigwa picha ya pili kwa kukosa nauli tu.

Nne, na hili ndilo kubwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Choo kwa kila boma, na kitumike. Nguruwe wafungwe bandani, wasizurure. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Nyama ikaguliwe na mkaguzi, na mkiona vilengelenge vyeupe kama punje za mchele ndani yake, msiiuze kwa bei nafuu. Ipikwe mpaka isibaki nyekundu ndani. Aliyeona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake aende zahanati atibiwe, na kama ana kifafa au kichwa kinamuuma sana, aseme kabla hajapewa dawa. Asione haya. Akitibiwa mmoja, kijiji kizima kimepumua.

Haya, nimesema mengi. Mkisahau mengine yote, kumbukeni hili moja: mkiambiwa kuna doa, msiuze shamba na msimfiche mgonjwa. Ulizeni ni doa la nini, kisha ulizeni njia iliyo ndogo kabisa inayoweza kulitibu.

Mwenyekiti, kama kuna maswali, niko hapa.